Kiazi Kilicholegea, Maji ya Dafu na Rangi Iliyokataa Kugeuka: Majibu ya Maswali ya Biolojia

Barua za mwezi huu zimetoka Likoni hadi Mtwapa, na nyingi ni za watahiniwa wanaojiandaa kwa karatasi ya tatu ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ile ya vitendo: alama 40, saa moja na dakika 45. Karibu kila mwandishi ameona kilichotokea, tena amekieleza vizuri. Alichokosa ni kusema kitu gani kilihama, kikatoka wapi kikaenda wapi, na kwa nini. Majibu yetu yamekaa sana hapo. Palipo pepesi tumepita haraka.

Swali: Tulikata vipande vitatu vya kiazi. Kimoja tukakitia kwenye maji ya mfereji, kimoja kwenye maji ya chumvi ya jikoni, kimoja kwenye maji ya bahari kutoka Nyali. Cha bahari kililegea kama tulivyotarajia, lakini cha maji ya mfereji nacho kilipungua uzito. Mwalimu anasema kuna mahali tuliteleza. Ni wapi? Na tena, ikiwa ni osmosisi hiyo hiyo, mbona chembe ya damu hupasuka na seli ya kiazi haipasuki? (Kidato cha tatu, Kisauni)

Jibu: Tunashuku mlivyokausha. Kipande kilichokatwa sasa hivi kimelowa maji ya seli zilizopasuliwa na wembe, na kama mlikiosha, kimelowa zaidi. Mkikipima kikiwa vile mwanzoni, kisha mwishoni mkakifuta kabla ya kukipima, mmeyapima maji ya juujuu mara ya kwanza na kuyaacha mara ya pili. Kwa kipande cha gramu 5, matone matatu yanatosha kuleta tofauti ya asilimia 3 hivi, na kiazi ambacho hakikuwa na haja kubwa ya maji kitaonekana kimepungua.

Rudieni hivi. Chukueni kiazi kimoja kikubwa, si viwili tofauti, maana kiazi kilichokaa sokoni Kongowea wiki nzima kimeshapoteza maji kuliko kilichoshushwa jana. Menyeni ganda lote, kwa sababu ganda lile huzuia maji yasipite. Kateni vipande vya milimita 50 kwa 10 kwa 10, na kila myeyusho uwe na vipande vitatu ili kimoja kikienda kombo mkitambue. Futeni kila kipande kwa shashi bila kukikamua, pimeni, zamisheni kwenye bika, funikeni, ngojeni dakika 30 au zaidi, futeni tena kwa namna ile ile, pimeni. Kufunika si urembo. Kwa joto letu la pwani maji huvukiza, na myeyusho mliouanza ukiwa hafifu unamaliza ukiwa umekolea.

Chumvi nayo ipimwe kwa mizani, isikadiriwe kwa kijiko. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, kwa hiyo gramu 3.5 katika sentimita za ujazo 100 za maji ni bahari yenu ya maabara. Tengenezeni na nyingine za asilimia 0, 0.5, 1 na 2, kisha choreni grafu ya badiliko la uzito. Pale mstari unapovuka sifuri ndipo myeyusho wa nje unapolingana na wa ndani ya seli. Maji hapo yanaingia na kutoka kwa kasi moja. Hayajasimama, na mwanafunzi anayeandika kwamba yamesimama hunyimwa alama.

Hesabu iwe ya asilimia. Kipande kilichotoka gramu 5.0 hadi 4.4 kimepoteza asilimia 12. Kilichotoka 4.0 hadi 3.4 kimepoteza 0.6 ile ile, lakini hiyo ni asilimia 15. Ukiandika gramu tupu umelinganisha vipande visivyolingana.

Kwenye maelezo, chungeni mnaposema nini kimehama. Kinachohama ni maji. Chumvi haikukivuta kiazi wala haikukila. Jibu linalokubalika ni kama hili: maji ya bahari yamekolea kuliko utomvu wa seli za kiazi, kwa hiyo maji yalitoka ndani ya seli, penye molekuli nyingi za maji, yakaenda nje penye chache, kwa osmosisi, kupitia utando unaochagua cha kupitisha, seli zikapoteza ukakamavu na kipande kikalegea. Sehemu nne hizo, ukiruka moja umeacha alama mezani.

Kuhusu damu: seli ya kiazi ina ukuta wa selulosi nje ya utando. Maji yakiingia, seli hujaa, husukuma ukuta, na ukuta husukuma kwa kurudisha mpaka maji hayaingii zaidi. Seli imekakamaa, basi. Chembe nyekundu ya damu haina ukuta, ina utando peke yake. Itie kwenye maji matupu, itavimba mpaka ipasuke. Itie kwenye maji ya bahari, itanywea na kujikunja. Ndiyo maana dripu ya hospitali ya maji ya chumvi hutengenezwa kwa asilimia 0.9, sawa na damu. Na ndiyo maana baharia mwenye kiu hanywi bahari: figo zetu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kuliko maji ya bahari, kwa hiyo ili kuitoa chumvi ya glasi moja mwili hutumia maji zaidi ya yale ya glasi yenyewe.

Swali: Nilipima sukari ya dukani kwa myeyusho wa Benedict. Nilichemsha mpaka mkono ukachoka, rangi ikabaki buluu. Niandike hakuna sukari? (Mtahiniwa, Likoni)

Jibu: Andika kwamba hakuna sukari redyusi, yaani zile zenye uwezo wa kuipa kopa ya Benedict elektroni na kuigeuza rangi. Glukosi inaweza, fruktosi inaweza. Sukari ya dukani ni sukrosi, na sukrosi ni glukosi na fruktosi zilizoshikana kwa zile sehemu zao zinazofanya kazi hiyo. Zimefungana mikono, hazina mkono wa kushika kopa.

Zifungue kwanza. Weka sentimita za ujazo 2 za myeyusho wa sukari kwenye testityubu, ongeza 1 ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, chemsha dakika mbili tatu, kisha poza. Tia sodiamu haidrojeni kaboneti kidogo kidogo mpaka povu likome, ndipo utie sentimita 2 za Benedict na kuchemsha tena. Wengi huharibu katika hatua mbili. Wa kwanza hawapozi, na povu linaruka nje ya testityubu pamoja na nusu ya kazi yao. Wa pili hawaimalizi asidi kwa sodiamu haidrojeni kaboneti: Benedict hufanya kazi katika hali ya alkali, ukiimwagia asidi umeiua, na rangi itabaki buluu hata kama sukari imejaa tele.

Ukitaka kuona tofauti, ponda tende moja kwenye maji kidogo, chuja, upime bila asidi. Tende zina glukosi na fruktosi kwa wingi, na rangi itapita kijani, manjano, machungwa, mpaka nyekundu ya matofali bila kukusumbua. Andika rangi ulizoziona kwa mfuatano wake. Usiandike rangi ya kitabuni kama testityubu yako iliishia manjano. Kiasi kidogo cha sukari huishia huko, na msahihishaji anajua chakula alichokupa.

Tukiwa hapo hapo, mambo mengine ya vipimo vya chakula yanayoulizwa kila mara:

Iodini haitiwi kwenye kitu cha moto. Wanga ukiwa moto, ile buluu nyeusi hupotea, nawe utasema hakuna wanga kwenye muhogo. Na rangi ya kuanzia ni kahawia ya iodini. Andika kwamba kahawia imegeuka buluu nyeusi, au kwamba kahawia imebaki. "Hakuna kilichotokea" si jibu.

Kwa protini, sentimita 2 za chakula, kisha kiasi hicho hicho cha sodiamu haidroksidi, tikisa, halafu salfeti ya kopa ya asilimia 1 tone moja moja, ukitikisa kila tone. Usichemshe. Ukimwaga salfeti nyingi, buluu yake itafunika zambarau ya protini, na ute wa yai utaonekana hauna protini. Hili ndilo kosa tunalolilaumu zaidi kuliko yote, kwa kuwa ni la haraka tu.

Vitamini C hupimwa kwa kimiminika kiitwacho DCPIP, nacho ni cha buluu. Unatia juisi ya ndimu tone kwa tone na kuhesabu. Hapa kuna mtego: ndimu ni asidi, na DCPIP katika asidi hugeuka waridi kabla ya kupauka. Usisimame kwenye waridi. Endelea mpaka rangi iishe kabisa, ndipo uandike idadi ya matone. Matone machache maana yake vitamini nyingi. Mwenye juisi iliyochemshwa atahitaji matone mengi zaidi, kwani moto huiharibu vitamini hiyo.

Swali: Naomba mtufafanulie nazi. Rafiki yangu anasema ni mbegu, mimi nasema ni tunda. Na yale maji ya dafu ni nini hasa kibiolojia? (Kidato cha nne, Mtwapa)

Jibu: Nyote wawili mna haki, kutegemea mnashika nini mkononi. Kile kinachoanguka kutoka mnazini kikiwa na kumbi lake ni tunda zima. Mnachonunua dukani kikiwa kimefuliwa, kigumu na cha kahawia, ni mbegu ikiwa bado ndani ya tabaka moja la tunda.

Anzeni nje. Ngozi nyororo ya kijani au ya manjano ni tabaka la nje la ukuta wa tunda. Kumbi, lenye nyuzi za kusokotea kamba, ni tabaka la kati. Kifuu ni tabaka la ndani. Tabaka zote tatu zimetokana na ukuta wa ovari ya ua, kama vile ngozi ya embe, nyama yake, na ule upande mgumu wa kokwa. Kwa hiyo nazi na embe ni aina moja ya tunda. Tofauti ni kwamba kwenye embe tunakula tabaka la kati, na kwenye nazi tunalifulia mbali. Kumbi hushika hewa, nazi ikaelea, bahari ikaisambaza. Ukiulizwa namna ya usambazaji, usiishie kwa "maji". Sema nyuzi zimeshika hewa, uzito ukapungua kwa ujazo ule ule, na ngozi ya nje haipitishi maji upesi.

Mbegu inaanzia ndani ya kifuu: ile ngozi nyembamba ya kahawia iliyoganda kwenye nyama ni ganda la mbegu, na nyama nyeupe ni endospemu, yaani chakula cha kiinitete. Kiinitete chenyewe ni kidogo, kiko chini ya jicho moja kati ya macho matatu ya kifuu. Jicho hilo ni laini, ukilichoma kwa kisu linaingia. Mengine mawili ni magumu. Macho ni matatu kwa sababu ovari ya ua la mnazi ina vyumba vitatu, na kwa kawaida kimoja tu ndicho kinachokua.

Sasa maji. Wakati wa utungisho wa mimea ya maua, chavua huleta gameti mbili za kiume. Moja huungana na yai, ikatoka zigoti. Ya pili huungana na viini viwili vya kati vya ovuli, ikatoka endospemu. Mwanzoni kiini hiki cha endospemu hugawanyika tena na tena bila kujenga kuta za seli, na matokeo yake ni kiowevu chenye viini vinavyoelea, pamoja na sukari, chumvi za madini na homoni za kukuza mimea. Hicho ndicho mnachokunywa. Baadaye kuta huanza kujengwa kutoka pembeni, zikafanya ule utando mlaini unaokombwa kwa kipande cha kumbi, na kadiri nazi inavyokomaa utando huo unanenepa na kuwa mgumu. Wazee wetu wameupa kila hatua jina: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Mwanafunzi wa pwani ana bahati hapa, kwani hatua za endospemu anazijua kwa ulimi wake, na kitabu cha biolojia hakimwambii zaidi ya kilichomo katika majina hayo.

Nazi ikianza kuota, sehemu ya kiinitete huvimba ndani na kuujaza uwazi kwa kitu cheupe chepesi kama sponji. Ni lile joya ambalo watoto hugombania. Joya hutoa vimeng'enya, huyeyusha nyama ya nazi, na kuipeleka kwa mche. Kwa hiyo ukila joya umekula kifaa cha kufyonzea, si endospemu.

Mtihani hupenda kuuliza idadi ya kromosomu. Seli ya jani la mnazi ina 32. Gameti ya kiume ina nusu yake, 16. Kiinitete kina 32. Endospemu ina 48, kwa kuwa imepata seti tatu, moja ya kiume na mbili za kike. Na kifuu je? 32, kwa sababu ni mwili wa mama; chavua haikuhusika nacho. Wengi hujibu 48 hapo.

Kanju nalo mliliuliza kwa ufupi: tunda la kweli ni korosho, pamoja na ganda lake la kijivu. Kile chekundu au cha njano kinachotoa maji na kukereketa koo ni kikonyo cha ua kilichovimba. Kinaitwa tunda la uongo kwa kuwa hakikutokana na ovari.

Swali: Tulipelekwa kutazama mikoko kwenye hori ya Tudor. Kuhusu mchu, mmoja wa miti hiyo, niliandika "mchu una mizizi inayopumua" nikapata sifuri kati ya alama mbili. Si ndivyo ilivyo? (Kidato cha nne, Mikindani)

Jibu: Ndivyo ilivyo, lakini umetaja kitu bila kazi yake, na neno "kupumua" limekuponza. Katika swali la namna kiumbe kilivyojirekebisha kwa makazi yake, kila umbo hudai sababu.

Tope la mikoko limejaa maji kwenye kila nafasi ambayo kwenye udongo wa kawaida ingekuwa na hewa, na oksijeni chache iliyokuwepo imeshatumiwa na bakteria. Ile harufu ya yai viza mliyoisikia mkikanyaga ni gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo bakteria huitoa pasipo na oksijeni. Basi mchu husimamisha mizizi juu ya tope, kama penseli zilizochomekwa. Mizizi hiyo ina vitundu vidogo kwenye gome. Maji yakipwa, oksijeni huingia kupitia vitundu hivyo na kusambaa hadi mizizi ya chini kupitia nafasi za hewa. Seli za chini huitumia katika respiresheni ili zipate nishati, na nishati hiyo ndiyo inayofyonza chumvi za madini kwa nguvu, kinyume na mteremko, yaani kutoka palipo na chache kwenda palipo na nyingi. Mlilana nao unayo mizizi hiyo, minene zaidi, mfano wa koni. Mkoko wenyewe una mizizi ya magongo inayoanzia juu shinani. Nayo hushikilia mti kwenye tope lisilo na nguvu.

Chumvi ni swali la pili, na mchu na mkoko wamelijibu kila mmoja kwa njia yake. Mkoko huchuja: mizizi yake huzuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie. Mchu huiruhusu zaidi, kisha huitoa kwa tezi zilizoko kwenye majani. Chukua jani la mchu saa za mchana jua likiwa kali, litazame kwa kioo cha kukuzia, utaona chembe za chumvi zinameta. Lilambe ukitaka hakika.

Na ukiulizwa mti unapataje maji kutoka tope la chumvi wakati osmosisi ingeyatoa, kumbuka kiazi cha Kisauni: maji hufuata palipokolea zaidi. Seli za mchu hujilimbikizia chumvi na viyeyushwa vingine mpaka zikawa zimekolea kuliko tope. Majani yana ngozi nene ya nta kwa sababu ile ile ya mimea ya jangwani, ingawa mti umesimama majini. Maji yapo, ila kuyapata ni ghali.

Mbegu za mkoko, muia na mkandaa huota zikiwa bado mtini, zikaning'inia kama vijiti. Mche ukianguka una mzizi tayari, unaweza kujishika kabla maji kujaa hayajauchukua.

Swali: Jirani zetu wote wawili ni wazima, lakini mtoto wao wa kwanza ana selimundu. Wameambiwa watatu watakaofuata watakuwa wazima kwa kuwa "ni mmoja kwa wanne". Mwalimu, hilo ni kweli? (Msomaji, Changamwe)

Jibu: Si kweli, na tafadhali wafikishie ujumbe kwa upole. Kila mimba ni hesabu mpya.

Kila mzazi ana jeni moja ya hemoglobini ya kawaida, A, na moja ya selimundu, S. Ni AS, na kwa kawaida hawaugui. Gameti zao ni A au S. Ukiziunganisha: AA moja, AS mbili, SS moja. Kwa hiyo kila mtoto, awe wa kwanza au wa saba, ana nafasi ya robo kuwa SS na kuugua. Aliyetangulia hamwachii wala hamnyang'anyi mdogo wake kitu. Nafasi ya watoto wawili mfululizo kuwa SS ni robo mara robo, yaani 1/16.

Swali gumu linalokuja kwenye karatasi: mtoto wa wazazi hawa ni mzima, ana nafasi gani ya kubeba jeni? Wengi huandika nusu. Lakini kwa kuwa tumeshaambiwa ni mzima, SS imetoka hesabuni, zimebaki AA moja na AS mbili. Jibu ni 2/3.

Kosa lenyewe ni dogo kwa umbo. Katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, asidi amino ya sita, ambayo ilipaswa kuwa asidi ya glutamiki, imekuwa valini, baada ya besi moja ya DNA kubadilishwa na nyingine. Oksijeni ikipungua, hemoglobini hizo hushikana na kuwa vijiti, na chembe ya damu ikajipinda kama mundu. Chembe hizo hukwama kwenye kapilari, ndipo maumivu. Na huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120, ndipo upungufu wa damu.

Kwa nini jeni hii imedumu pwani? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Alikuwa ameona kwamba hali hiyo ni ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni nadra nyanda za juu. Mwenye AA huandamwa na malaria, mwenye SS huandamwa na ugonjwa wenyewe, mwenye AS akabaki na kuzaa. Usiandike kwamba malaria husababisha selimundu, wala kwamba SS ni kinga. Mtoto wa SS akipata malaria yuko hatarini sana. Wanaotaka kuoana na hawajui hali zao wanaweza kupimwa aina ya hemoglobini hospitalini.

Swali: Mama hupika mahamri. Siku moja aliharakisha, akatia tui la moto kwenye unga, na donge halikuumuka. Je, hili ndilo lile jaribio letu la hamira na maji ya chokaa? (Kidato cha pili, Majengo)

Jibu: Ndilo. Hamira ni kuvu hai wa seli moja moja. Tui vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40, huwafurahisha. Likifika 60 limeharibu vimeng'enya vyao na kuwaua. Pasipo oksijeni hugeuza glukosi kuwa alkoholi na kaboni dioksidi:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂ + nishati

Gesi ndiyo inayovimbisha donge. Alkoholi huvukiza kwenye karai. Sukari ikizidi mno donge pia huchelewa, kwa sababu ya osmosisi tena: maji hutoka ndani ya seli za hamira.

Maabara, chemsha myeyusho wa glukosi kwanza ili kufukuza oksijeni iliyomo, uache upoe kabisa, tia hamira, kisha mwagia tabaka jembamba la mafuta juu kuzuia hewa. Mrija uelekee kwenye maji ya chokaa, nayo yatageuka meupe kama maziwa. Anayetia hamira kabla myeyusho haujapoa amerudia kosa la tui. Jaribio la kulinganishia ni lile lile, isipokuwa hamira iwe imechemshwa.

Swali: Ukuzaji wa mchoro huhesabiwaje? (Wengi)

Jibu: Urefu wa mchoro gawanya kwa urefu wa kitu chenyewe, vyote kwa milimita, vyote kupimwa upande mmoja. Mchoro milimita 84, jani milimita 28: ×3. Alama ya × itangulie namba, na kipimo chochote kisifuate. Penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, bila kivuli.

Swali: Molekuli moja ya glukosi hutoa ATP, zile molekuli zinazobeba nishati ya seli, 38, 36 au 32? (Kidato cha nne, Tudor)

Jibu: Vitabu vyenu vya shule huandika 38, na hiyo ndiyo ya mtihani. Hesabu za karibuni hukaa kati ya 30 na 32, kwa kuwa protoni nyingine huvuja kwenye utando wa mitokondria na nyingine hutumika kusafirisha vitu kuingia na kutoka. Pasipo oksijeni ni 2, na hiyo haina ubishi.